Maua Tuliyaona, Mtu Hatukumwona

Somo: Marko 8:22–26

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya macho. Hatusemi juu ya macho ya kipofu tu, bali hata ya mtu aonaye vizuri kabisa, ambaye hata hivyo humkosa yule aliye mbele yake.

Katika somo letu, watu wa Bethsaida walimletea Bwana Yesu kipofu. Bwana akamwongoza kwa mkono mpaka nje ya kijiji, akamgusa macho, kisha akataka kujua kama anaona kitu. Yule mtu alijibu kwa ukweli. Alisema kwamba watu anawaona, lakini kwake wanafanana na miti, ila tu miti hiyo inatembea. Bwana hakumwacha katika hali hiyo. Alimgusa mara ya pili, ndipo kipofu yule akaona kila kitu wazi.

Tutairudia habari hii. Lakini kwanza turuhusuni tuwaeleze jambo lililotupata sisi wenyewe, mume na mke. Hatupendi sana kulieleza, kwa sababu halituletei sifa. Lakini tumeona ni vema tuliseme, kwa maana huenda liko pia katika nyumba ya mwingine anayetusikiliza.

Mwaka 2005 tulialikwa na Wakristo wa Marekani kuwatembelea. Katika kanisa letu alikuwako mama mmoja mjane, ambaye binti yake alikuwa akifanya kazi karibu na mji mkuu wa nchi ile, Washington, upande wa jimbo la Maryland. Binti huyo tulimjua tangu alipokuwa mtoto wa shule ya Jumapili. Alikuwa ameondoka nyumbani miaka minane, na katika miaka hiyo yote hakuwa amepata nafasi ya kurudi. Kwa simu walizungumza mara chache, kwa haraka, kwa maana dakika za simu zilikuwa ghali.

Siku mbili kabla hatujasafiri, mama yule alitujia na kifurushi. Ndani yake mlikuwa na majani ya chai na unga wa wimbi. Akatuambia, "Ndugu zangu, mimi sitafika huko. Nendeni mkawe macho yangu. Mtazameni mwanangu kwa niaba yangu." Tukakubali upesi, kama watu wanavyokubali jambo wanalodhani halina gharama.

Tulipofika, binti yule alitupokea kwa furaha nyingi. Tulikaa kwake siku sita. Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee usiku, katika nyumba ya wazee. Aliondoka jioni, akarudi asubuhi, akatupikia, akalala kidogo, akaondoka tena. Siku ya Jumamosi alirudi kutoka kazini akatuambia, "Baba, Mama, mmekuja wakati mzuri. Maua ya cheri yamefunguka. Msipoyaona leo, huenda msiyaone tena. Twendeni niwapeleke." Hakuwa amelala. Hata nguo zake za kazi, za rangi ya buluu, hakuzibadilisha. Alivaa koti juu yake, tukatoka.

Sasa, wasikilizaji wetu, ni lazima tueleze kidogo, kwa kuwa sisi huku kwetu hatuna majira kama yale. Sisi tuna mvua na kiangazi. Wao wana miezi ya baridi kali, ambayo miti mingi husimama bila jani hata moja, mfano wa kuni zilizosimikwa ardhini. Mgeni akiiona angesema imekufa yote. Kisha baridi hupungua, jua hukaa zaidi angani, na miti ya cheri huvikwa maua kabla haijatoa majani. Ua lake ni dogo, lina petali tano, ni jeupe lenye wekundu hafifu sana. Lakini mti mmoja hubeba maelfu na maelfu, hata matawi hayaonekani. Katika Biblia twasoma juu ya mlozi, ule mti aliouona nabii Yeremia alipoitwa. Mlozi na mcheri ni wa jamaa moja, na yote miwili hutangulia kutoa maua baridi inapokwisha.

Walio Nairobi wanajua jinsi mijakaranda inavyochanua mwezi wa Oktoba, barabara zikafunikwa kwa rangi ya zambarau. Lakini mjakaranda una subira; hukaa na maua yake majuma kadhaa. Cheri haingoji mtu. Watunzaji wa bustani za Washington huhesabu kwamba maua yamefikia kilele siku ile ambayo maua 70 katika kila 100 ya cheri za aina ya Yoshino yamefunguka. Mara nyingi siku hiyo huwa mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili. Baada ya hapo, hewa ikitulia, huendelea kwa siku chache. Mvua na upepo vikija pamoja, yote huweza kuanguka chini.

Basi kwa sababu siku ni chache, watu huja wote kwa pamoja. Tulishuka katika garimoshi la chini ya ardhi kwenye kituo kiitwacho Smithsonian, na tangu mlangoni pa kituo tulichukuliwa na umati. Nani asiyejua umati wa siku ya Shoo ya Nairobi? Ulikuwa mfano wa huo. Mahali penyewe ni bwawa kubwa lililochimbwa na watu kando ya mto Potomac, nalo huitwa Tidal Basin. Miti imelizunguka pande zote, na njia ya kulizunguka yapata kilomita 3. Ng'ambo ya maji liko jengo jeupe la kumbukumbu ya Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa nchi ile, lenye nguzo nyingi na paa la mviringo. Njiani mlijaa watu wa kila taifa: watoto mabegani mwa baba zao, wazee katika viti vya magurudumu, maharusi waliovaa mavazi yao, wachoraji na karatasi zao. Na karibu kila mtu alikuwa na kamera.

Sisi nasi tulikuwa na kamera. Tulikuwa tumenunua filamu tatu, kila moja ya picha 36. Jumla yake ni picha 108. Siku hizo kila picha ilikuwa fedha: fedha ya filamu, fedha ya kusafisha, fedha ya kuchapa. Kwa hiyo tulisema, hatutaharibu hata picha moja kwa watu tusiowajua. Tulitaka tawi lenye maua mbele, maji katikati, na lile jengo jeupe nyuma. Lakini kila tulipoinua kamera, mtu alipita. Tukangoja, kama mvuvi anayengoja samaki, mpaka umati uache pengo. Pengo likitokea, tukapiga. Tulianza kuudhika na watu. Tuliwaona kama vichaka vilivyoota mahali pabaya. Hatukukumbuka kwamba nasi tulikuwa vichaka katika picha za wenzetu.

Binti yule alikuwa amebeba mkoba wetu na makoti yetu, kwa maana jua lilikuwa limepanda. Mara kwa mara alisimama karibu na mti tulioutaka. Tukamwambia, "Sogea kidogo, binti yetu, usiingie katika picha." Akacheka, akasogea. Tukamwambia hivyo labda mara nne au tano. Mara moja alisema, "Baba, nipigeni na mimi moja, mkampelekee mama." Tukamjibu, "Ngoja kwanza, mwanga ni mzuri sasa kwenye maua. Baadaye tutakupiga vizuri." Akangoja. Mwanga ukabadilika, tukahamia mti mwingine. Na filamu ya tatu ikaisha.

Tulipokuwa tukingoja umati upungue, alitusimulia habari za miti ile. Alikuwa ameisikia kutoka kwa mmoja wa wazee aliowatunza. Tulisikiliza kwa sikio moja tu. Baadaye tuliitafuta vitabuni tukaikuta ni kweli, nasi twawaambieni kwa sababu ina mafundisho.

Bibi mmoja Mmarekani aliyekuwa mwandishi na msafiri, Eliza Scidmore, alirudi kutoka Japani mwaka 1885. Aliwaomba wakuu wa bustani za Washington wapande miti ya cheri kama aliyoiona kule. Walikataa. Aliendelea kuomba kwa zaidi ya miaka 20, kila mara mkuu mpya alipoingia. Mwaka 1909 alimwandikia Helen Taft, mke wa Rais wa wakati ule, naye akakubali. Mji wa Tokyo ukatoa zawadi ya miti 2,000. Iliwasili Washington mwezi wa Januari 1910. Wakaguzi wakaikuta ina wadudu na magonjwa, na kwa kuogopa mashamba ya nchi yao kuambukizwa, miti ikachomwa moto.

Tufikiri jambo hilo. Mtu amekuletea zawadi kutoka ng'ambo ya bahari, nawe umeichoma. Katika vijiji vyetu, urafiki ungekwisha siku hiyo hiyo. Lakini mji wa Tokyo, ambao meya wake aliitwa Yukio Ozaki, haukununa. Waliotesha miche mingine kwa uangalifu mkubwa, wakatuma zawadi mara ya pili, na safari hii miti ilikuwa 3,020. Tarehe 27 Machi 1912, Helen Taft na mke wa balozi wa Japani waliipanda miwili ya kwanza kando ya bwawa lile.

Kisha vita vikaja. Mwezi wa Desemba 1941, siku chache baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, watu wasiojulikana walikata miti minne. Miti haikuwa imemkosea mtu. Lakini chuki haichagui. Hata ua hulihesabu kuwa adui. Vita vilipokwisha, kule Japani miti mama iliyokuwa kando ya mto Arakawa, ambako chimbuko la zawadi lilitoka, ilikuwa imedhoofika sana kwa kukosa matunzo. Mwaka 1952 Washington ikapeleka vijiti vya kupandikiza, vilivyokatwa katika miti ile ile iliyopewa. Zawadi ikarudi kwa aliyeitoa, baina ya mataifa mawili yaliyokuwa yameuana.

Basi binti alituambia hayo, nasi tukaitikia, "Ala, kumbe," huku jicho moja likiwa ndani ya kamera.

Tuliporudi Kenya tulizipeleka filamu studio, Nairobi, zikasafishwa. Picha zilitoka vizuri mno. Tukachagua zilizo bora, tukaziweka katika albamu, na Jumapili moja baada ya ibada tukaenda nazo kwa yule mama. Alikuwa amejitayarisha. Alikuwa amepangusa meza, ameita majirani, amemtuma mjukuu amletee miwani yake. Tukaifungua albamu mbele yake.

Alitazama ukurasa baada ya ukurasa. Sisi tukaeleza: hili ndilo bwawa, hili ndilo jengo, hapa maua yanaanguka majini. Majirani wakashangaa. Mama akasema, "Kazi ya Mungu ni nzuri," akafunua ukurasa mwingine. Alipofika mwisho hakuifunga albamu. Aliirudia tangu mwanzo, polepole, akiinamia kila picha. Ndipo akaivua miwani akatuuliza, "Ndugu zangu, maua nimeyaona. Mwanangu yuko wapi?"

Nyumba yote ikanyamaza. Tukasema, "Alikuwako, Mama. Yeye ndiye aliyetupeleka. Alikuwa amesimama kando." Akauliza, "Kando ya wapi?" Tukaanza kutafuta, sisi na yeye, na mwishowe tukapata picha moja. Pembeni kabisa, mahali karatasi inapokwisha, palikuwa na ncha ya mkono wa koti, na kiganja kilichoshika mkoba wetu. Ni hicho tu. Mama akakiwekea kidole chake, akakaa hivyo. Kisha akauliza, "Amekonda?"

Wasikilizaji wapenzi, hatukujua la kumjibu. Tulikuwa tumelala katika nyumba ya binti huyo siku sita, tumekula chakula chake, amebeba mizigo yetu. Na hatukujua kama amekonda au amenenepa. Tungeweza kumwambia mama yake rangi ya ua la cheri, na hesabu ya petali zake. Rangi ya macho ya mwanawe baada ya kukesha usiku kucha hatukuweza kuisema, maana hatukuitazama.

Ndiyo sababu tumelichagua somo hili la Bethsaida. Kipofu yule aliwaona watu kama miti. Sisi tulimpita kwa ubaya, kwa maana miti tuliiona vizuri zaidi ya watu. Na angalieni, mtu yule alikuwa amekwisha kuguswa na Bwana. Hakuwa tena gizani kabisa. Alikuwa amepata nuru, lakini nuru yake ilikuwa bado haijakamilika. Wako Wakristo wengi wa namna hiyo, nasi tulikuwa katika hesabu yao. Tumeokolewa, tumebatizwa, twaimba, twahubiri, na bado twawaona watu kama miti inayotembea. Huyu ni mti wa kutupa kivuli, yule ni mti wa kutupa matunda, na yule mwingine ni mti uliozuia njia yetu.

Mtu atauliza, je, ni dhambi kupiga picha za maua? Sivyo kabisa. Bwana wetu mwenyewe, katika Mathayo sura ya 6, alituagiza tuyaangalie maua ya kondeni, akasema kwamba hata Sulemani katika fahari yake hakupendeza kama moja la hayo. Anayelipita ua bila kulitazama hamheshimu aliyeliumba. Lakini tusome mpaka mwisho. Kwa nini Bwana alitaja maua? Alikuwa akizungumza na watu wenye wasiwasi juu ya chakula na mavazi. Akawaonyesha jinsi Mungu anavyoyavika majani ya kondeni, ambayo leo yako na kesho yanatupwa motoni, ili wajue kwamba wao watavikwa zaidi. Bwana alilitazama ua, na kutoka kwenye ua akamfikia mtu mwenye wasiwasi. Sisi tulifanya kinyume chake. Tulikuwa na mtu mwenye uchovu mkononi mwetu, tukamsogeza kando ili tulifikie ua.

Na juu ya umati, tujifunze kwa Bwana. Alipoingia Yeriko watu walisongamana, hata Zakayo mfupi akapanda mkuyu. Wengine wote waliona umati na mti. Bwana aliinua macho akamwona mtu ndani ya mti, akamwita kwa jina. Siku nyingine watu walimsonga pande zote, na mwanamke mmoja mgonjwa akaligusa vazi lake. Wanafunzi walishangaa anawezaje kuuliza nani amemgusa katika msongamano ule. Lakini kwa Yesu hakuna umati tu. Kwake kila mtu ana uso wake.

Labda mwasema, sisi hatutafika Washington, wala hatuna kamera. Siku hizi kamera iko ndani ya simu, na mtu hupiga picha 1,000 bila kununua filamu hata moja. Lakini jicho ni lile lile. Tazameni katika harusi zetu na mazishi yetu, jinsi wapiga picha wanavyosimama mbele ya mjane, hata asilione jeneza la mumewe. Tazameni picha za jamaa zilizotundikwa sebuleni. Je, msichana wa kazi, aliyewalea watoto hao miaka mitano, yuko katika hata moja? Au ndiye aliyeambiwa asogee? Tazameni hata kanisani. Baada ya mkutano wa Injili twaandika kwamba watu walikuwa wengi sana. Tumeuhesabu umati. Lakini yule aliyekaa nyuma karibu na mlango, akatoka kabla ya baraka, ni nani aliyemwona?

Kule Washington, karibu na bwawa lile, palikuwa na mcheri mmoja mzee, shina lake limekuwa tundu, umebaki na matawi machache tu. Watu waliupenda kwa sababu ya udhaifu wake, wakauita Stumpy, yaani Kisiki. Mwaka 2024 ilibidi miti ya cheri zaidi ya 100 iondolewe ili kuta za bwawa zitengenezwe, na mti huo ukiwamo. Watu wakaenda makundi kwa makundi kuuaga kabla haujakatwa, na vijiti vyake vikachukuliwa ili miche mingine ioteshwe. Tulipoisikia habari hiyo tulisema, ni vema kuuhurumia mti mgonjwa. Lakini je, ni wazee wangapi katika lokesheni yetu ambao shina lao limekwisha, na hakuna aendaye kuwaaga? Ni binti wangapi waliowatunza wazee wa wengine usiku, na hakuna aliyewauliza kama wamelala?

Mtapenda kujua jambo letu liliishaje. Jioni ile ile tulimwandikia binti yule barua. Tulimwomba radhi bila kutafuta visingizio, tukamwomba atume picha yake. Alitujibu upesi. Aliandika, "Baba na Mama, mimi sikukasirika. Nilifurahi kuwaona." Na ndani ya barua mlikuwa na picha moja, aliyopigwa na mfanyakazi mwenzake kwenye lango la ile nyumba ya wazee. Amevaa zile nguo za buluu. Hapana ua hata moja katika picha hiyo. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa akitabasamu. Tuliipeleka kwa mama yake, naye akaitundika ukutani, karibu na kalenda ya kanisa.

Mama huyo alilala katika Bwana mwaka 2008, kabla binti hajapata nafasi ya kurudi. Hakumwona tena uso kwa uso katika dunia hii. Sisi tulikuwa macho yake ya mwisho kufika kule, nasi tulitazama miti. Twamshukuru Mungu kwamba ile picha ya pili ilifika. Bila hiyo tungekuwa na deni tusiloweza kulilipa.

Hapo ndipo tulipouelewa ule mguso wa pili. Zawadi ya kwanza ya miti ilichomwa, na Wajapani wakatuma ya pili. Sisi tuliiharibu nafasi ya kwanza, na binti yule, kwa upole wake, akatupa ya pili. Na Bwana, alipoona kipofu anaona nusu, hakumkemea wala hakumwambia atosheke. Alimgusa tena. Ndugu msikilizaji, ikiwa moyo wako umekushitaki asubuhi hii, usikae na aibu tu. Rudi kwa Bwana akuguse tena. Lakini fanya upesi. Petro, akimfuata nabii Isaya, anatukumbusha kwamba mwanadamu ni kama majani, na utukufu wake ni kama ua; majani hukauka, ua huanguka. Cheri hukaa siku chache. Mama zetu pia, na watoto wetu, na majirani zetu, siku zao za kuonekana ni chache. Kinachodumu ni Neno la Bwana, na Neno hilo latuagiza tupendane.

Basi juma hili tufanye jambo moja dogo. Tuchague mtu mmoja ambaye tumezoea kumwambia asogee, au ambaye tumemzoea hata hatumwoni: mlinzi wa lango, msichana wa jikoni, mtoto wa nyumba ya pili, au mzee wa kiti cha nyuma. Tumtazame usoni. Tumwulize jina lake kama hatulijui. Tumwulize kama amelala, kama amekula, kama ana habari za nyumbani. Na kama kuna barua ya kuomba radhi ambayo tungeiandika, tuiandike leo kabla jua halijatua.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyemshika kipofu mkono ukamtoa nje ya kijiji, tushike na sisi. Twakushukuru kwa maua na kwa kila kizuri ulichokiumba. Utusamehe kwa kuwa tumevipenda vitu vyako, tukawasahau watu wako. Wakumbuke watoto wetu walio mbali, wafanyao kazi usiku katika miji ya ugenini. Wape nguvu, uwape na mtu wa kuwatazama kwa upendo. Wafariji mama wanaongoja habari. Utuguse macho mara ya pili, tuone wazi, ili siku ile utakapotuuliza habari za ndugu yetu, tuwe na la kukujibu. Twaomba hayo kwa jina lako. Amina.